Orkestra ya Pau Casals: Taasisi Iliyojengwa kwa Mapato ya Chelo

Tarehe 13 Oktoba 1920, katika ukumbi wa Palau de la Música Catalana mjini Barcelona, orkestra mpya ya wanamuziki 88 ilipiga muziki mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mbele yao alisimama mtu mfupi, mwenye upara na miwani, ambaye wakati huo alihesabiwa kuwa mpigaji bora wa chelo duniani. Wengi walijiuliza mtu kama huyo anatafuta nini katika kazi ya kuongoza orkestra, hasa orkestra ambayo mishahara yake yote ilitoka mfukoni mwake. Jina lake ni Pablo Casals. Wakatalunya wenzake humwita kwa jina la nyumbani, Pau, na orkestra ikaitwa Orquestra Pau Casals.

Dunia inamkumbuka kwa mambo mawili: suiti sita za Bach za chelo pekee, ambazo kabla yake hazikuwa na heshima wanayozipa watu leo, na kimya chake cha miaka mingi dhidi ya utawala wa dikteta Franco wa Hispania. Yote mawili yanastahili. Lakini mimi naamini kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya ni orkestra hii, pamoja na chama cha wafanyakazi kilichozaliwa ubavuni mwake. Taasisi hizo mbili ziliishi kwa miaka isiyotimia ishirini, zikauawa na vita, na kila kitu alichokijenga Casals baadaye, Ufaransa na Puerto Rico, kilifuata ramani yake ya Barcelona.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 huko El Vendrell, mji mdogo wa Katalunya, Hispania. Baba yake, Carles, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa kwaya. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa Mayagüez, Puerto Rico, kwa wazazi wa Kikatalunya. Mtoto alijifunza kuimba, piano, fidla na kinanda kwa baba yake. Siku moja walipita mjini wanamuziki wa kuzurura, na mmoja wao alikuwa akipiga kinanda cha nyuzi alichokitengeneza kwa mpini wa ufagio. Kijana akakitaka. Baba akamtengenezea chake kwa kibuyu na uzi mmoja, na msomaji anayelijua zeze hatashangaa kwamba kifaa hicho kilitosha kumfundisha mtoto mengi. Akiwa na miaka 11 alimsikia Josep García, mwalimu wa Barcelona, akipiga chelo halisi. Hapo mjadala ukaisha upande wa mtoto, ukaanza upande wa wazazi. Baba alikuwa amepanga kumpeleka kwa fundi seremala, kwa sababu alijua ugumu wa kuishi kwa muziki. Mama alikataa. Mwaka 1888 akamchukua mwanawe hadi Barcelona, akamwandikisha katika Shule ya Muziki ya Manispaa, kwa García huyohuyo.

Chelo si mgeni kwa wasomaji wa mwambao. Vikundi vikubwa vya taarab asilia ya Unguja vimekuwa nacho miongoni mwa fidla zao, na anayekisikiliza anaijua sauti yake nzito inayokaa karibu na sauti ya mwanamume anayeimba. Katika Ulaya ya karne ya 19 chombo hiki kiliheshimiwa katika kundi, lakini ni wachache waliodhani kinaweza kubeba onyesho zima peke yake. Wapigaji walifungwa na mafundisho ya zamani: mwanafunzi alibanishwa kitabu kwapani ili mkono wa upinde usitanuke, na vidole vya mkono wa kushoto viliteleza juu ya nyuzi kutoka nota moja hadi nyingine, kila mtelezo ukisikika. Casals, akiwa bado kijana mdogo darasani, aliuachia mkono wa upinde huru, na upande wa kushoto akaanza kutanua vidole kuifikia nota badala ya kuiburuzia mkono mzima. Walimu walistaajabu, kisha wakakubali. Wapigaji wa leo hupiga hivyo bila kujua kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Ili ajikimu alipiga muziki katika Café Tost, mkahawa wa mtaa wa Gràcia, kwa peseta 4 kwa siku. Wateja walikuja kunywa na kuzungumza. Kijana akamshawishi mwenye mkahawa atenge usiku mmoja kila juma kwa muziki wa kina, na watu wakaanza kuja kwa ajili ya usiku huo. Nautaja mkahawa huu kwa makusudi. Kabla ya kumbi za kifalme, hadhira ya kwanza ya Casals ilikuwa watu wa mtaani, naye aliona kwa macho yake kwamba ukiwaheshimu na kuwapa kilicho bora, wananyamaza na kusikiliza.

Mwaka 1890, katika duka la nota kuukuu karibu na bandari ya Barcelona, akiwa na baba yake, alikuta nakala ya suiti sita za Bach. Baadhi ya wapigaji walizijua kama mazoezi ya vidole. Hakuna aliyezipiga nzima jukwaani. Alizifanyia kazi kila siku kwa zaidi ya miaka 10 kabla hajathubutu kuipiga hata moja mbele ya watu. Subira hiyo ndiyo ufunguo wa kila kilichofuata, na wanamuziki wa orkestra yake walikuja kuionja.

Miaka iliyofuata niipite haraka, maana imeandikwa sana. Mtunzi Isaac Albéniz alimsikia mkahawani akampa barua ya kumpeleka Madrid, kwa Count Morphy, na kupitia huyo akapata msaada wa Malkia María Cristina. Alikwenda Brussels akadhihakiwa na profesa, akaondoka siku iliyofuata. Akafika Paris, ambako familia ililala njaa hadi mama akauza nywele zake. Mwaka 1896 alirudi Barcelona, akarithi kazi za García, aliyekuwa amehamia Argentina: akafundisha katika shule ileile aliyosomea na kupiga chelo cha kwanza katika jumba la opera la Liceu. Mwaka 1899 alipiga London, mbele ya Malkia Victoria pia, kisha Paris na orkestra ya Lamoureux, na tangu hapo milango yote ikafunguka. Tarehe 15 Januari 1904 alipiga Ikulu ya Marekani kwa Rais Theodore Roosevelt. Pamoja na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud aliunda kundi la watu watatu lililodumu kwa takriban miaka 30. Mwaka 1919, Cortot alipoanzisha na Auguste Mangeot shule ya École Normale de Musique mjini Paris, Casals alikuwa miongoni mwa majina makubwa yaliyoibeba, na mbinu zake zikafundishwa humo na rafiki yake Diran Alexanian, aliyeziandikia kitabu.

Angeweza kubaki hapo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alirudi Barcelona na kukuta mji tajiri, wenye viwanda, wenye ukumbi mzuri wa Palau, lakini usio na orkestra inayolingana nao. Zilizokuwapo zilifanya mazoezi machache, na wapigaji walilipwa kidogo mno kiasi kwamba kila mmoja alikimbilia kazi nyingine, mkahawani au kwenye ukumbi wa sinema. Casals hakuanza kwa kutaka orkestra yake. Alikwenda kwa viongozi waliokuwapo akawaambia yuko tayari kusaidia kwa fedha, mradi waongeze mazoezi. Akajibiwa kwamba hayuko Barcelona muda wa kutosha kujua hali ilivyo, na kwamba mji hauna wapigaji wazuri wa kutosha kuunda orkestra ya namna anayoiota. Alipoona mlango umefungwa, akaamua kuianzisha mwenyewe, kwa wapigaji haohao walioambiwa hawatoshi.

Jambo la kwanza alilofanya ni la mshahara. Aliuliza mwanamuziki wa orkestra hulipwa kiasi gani, akaahidi kulipa mara mbili. Kisha, kabla ya zoezi la kwanza, akaugua. Uchovu na wasiwasi vilimwangusha kitandani, na daktari akamwambia auache mpango wote. Casals akawatumia wanamuziki ujumbe: waje ukumbini kila siku kwa saa zilizopangwa, hata kama yeye hayupo, na mishahara italipwa. Wakaja. Siku zikapita, watu 88 wakikaa na vyombo vyao bila kiongozi, hadi wakatuma wajumbe kitandani kwake kumwambia hawawezi kuendelea kupokea fedha bila kazi. Akakataa kulivunja kundi. Alijua kwamba wakitawanyika mara moja, hawatarudi. Kwa maoni yangu hapo ndipo taasisi ilipozaliwa, wiki kadhaa kabla ya ile tarehe 13 Oktoba inayoandikwa vitabuni.

Alipopona akaingia mazoezini kama mwalimu anavyoingia darasani. Aliwafundisha watu 88 yale aliyomfundisha mwanafunzi mmoja mmoja wa chelo: nota haikai peke yake, kila sentensi ya muziki hupanda na kushuka, na usafi wa sauti hutafutwa kwa sikio kila dakika, hauhifadhiwi. Wimbo ambao orkestra nyingine zingeupitia mara moja, yeye aliurudia kipande kwa kipande. Mdogo wake, Enric, aliongoza fidla. Kulikuwa na msimu wa machipuko na msimu wa vuli, na katikati ya misimu Casals alipanda meli na treni na chelo chake kwenda kutafuta fedha. Ukumbi haukujaa mwanzoni. Matajiri wa Barcelona walisitasita, magazeti hayakuchangamka, na kwa miaka kama saba pengo la hesabu lilizibwa na malipo ya maonyesho yake ya Ulaya na Marekani. Kila aliyelipa kumsikia akipiga chelo New York au London, alikuwa akiulipa mshahara wa mpiga tarumbeta wa Barcelona. Baada ya hapo orkestra ikaweza kusimama kwa miguu yake.

Wageni wakaanza kuja: Richard Strauss, Igor Stravinsky, Manuel de Falla, Fritz Busch, Arnold Schoenberg, Anton Webern. Lakini mgeni ninayependa kumkumbuka zaidi ni Eugène Ysaÿe, mpiga fidla wa Ubelgiji aliyekuwa nguli wa kizazi kilichotangulia. Mwaka 1927 dunia iliadhimisha miaka 100 tangu kifo cha Beethoven, na Casals akamwomba Ysaÿe apige konsato ya fidla ya Beethoven Barcelona. Mzee alikuwa amekaribia miaka 70, mgonjwa, na kwa miaka mingi hakuwa ameigusa konsato hiyo jukwaani. Alisita, mwanawe naye akaogopa kwamba baba ataaibika. Casals akasisitiza kwamba ataweza. Ysaÿe akajifungia na kufanya mazoezi kama mwanafunzi, akaja, akapiga, na baadaye nyuma ya jukwaa akambusu Casals mikono huku akilia. Kazi ya mwalimu ni pamoja na hiyo: kumwamini mtu siku ambayo mwenyewe hajiamini.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomsumbua Casals. Akiitazama hadhira yake Palau aliwaona wenye uwezo. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wachapaji, makarani, watu wa maduka, hawakuwa humo. Tiketi za bei nafuu zilikuwapo, lakini ziliwaweka juu kabisa ukumbini, chini ya dari, mbali na waliokaa kwenye viti vizuri, na mtu anayefanya kazi wiki nzima haoni raha kukaa mahali panapomkumbusha udogo wake. Katikati ya miaka ya 1920 akawaendea viongozi wa chuo kimoja cha wafanyakazi na wazo lake. Walimtilia shaka. Walikwisha kuona wafadhili wengi wanaokuja na zawadi mkononi na kuondoka na sifa. Wakamuuliza wao wanatakiwa kufanya nini. Jibu lake ndilo lililowageuza: chama kitakuwa chao, watakiendesha wao, na watalipa.

Ndivyo kilivyoanzishwa Associació Obrera de Concerts, Chama cha Wafanyakazi cha Konseti. Uanachama ulikuwa kwa yule tu ambaye kipato chake hakikuzidi peseta 500 kwa mwezi. Mwenye zaidi ya hapo, hata angekuwa mpenzi mkubwa wa muziki, hakuingia. Ada ilikuwa peseta 6 kwa mwaka, na kwa ada hiyo mwanachama alipata konseti za Jumapili asubuhi, zilizopigwa na orkestra nzima ya Pau Casals, zikiongozwa na Casals mwenyewe, bila kupunguza mazoezi wala kuchagua nyimbo nyepesi. Konseti ya kwanza ilifanyika katika ukumbi wa Olympia na watu zaidi ya 2,000 walifika. Casals alisimulia mara nyingi jinsi umati ule uliposimama mwishoni na kulishangilia jina lake, na akasema hakuna shangwe nyingine maishani iliyompa furaha kama hiyo. Namwamini. Alikuwa amekwisha kushangiliwa na malkia na marais, na hakuna mahali alipozungumza juu yao kwa namna hiyo.

Chama kilikua. Kikatoa jarida lake, Fruïcions, lililoandikwa na wanachama. Kikawa na maktaba na mafunzo ya muziki, na wanachama waliojua kupiga wakaunda orkestra yao ya ridhaa. Miji mingine ya viwanda ya Katalunya ikaiga. Hii ni sehemu ya historia inayosahaulika sana, na ndiyo inayonigusa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha mtu aliyefikiri kwa makini tofauti iliyopo kati ya kugawa muziki kama sadaka na kumfanya msikilizaji awe mwenye mali. Kiongozi yeyote wa kikundi cha sanaa anayehangaika na hadhira angefaa kuusoma utaratibu ule: kikomo cha kipato, ada ndogo lakini ya lazima, uongozi mikononi mwa wanachama, na kiwango kilekile cha muziki.

Jamhuri ya Hispania ilipotangazwa Aprili 1931, orkestra ilipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, yenye kwaya katika sehemu yake ya mwisho, katika kasri la Montjuïc. Casals alikuwa mtu wa Jamhuri waziwazi, ingawa familia ya kifalme iliwahi kumlea kimuziki na hakuacha kuishukuru kwa hilo. Miaka mitano iliyofuata ilikuwa kilele. Tarehe 19 Aprili 1936, katika tamasha la kimataifa la muziki mpya lililofanyika Barcelona, orkestra hii ndiyo iliyopiga kwa mara ya kwanza duniani konsato ya fidla ya Alban Berg, mtunzi wa Vienna aliyekuwa amefariki miezi minne tu kabla. Mpiga fidla alikuwa Louis Krasner. Webern, rafiki wa marehemu, alipaswa kuongoza, lakini huzuni na umakini wake wa kupita kiasi vilimfanya atumie mazoezi yote kwenye kurasa chache za mwanzo, akajiondoa, na Hermann Scherchen akaingia kuiokoa kazi. Kundi lililoambiwa mwaka 1920 kwamba haliwezekani, sasa lilikuwa limeukabili mmoja wa miziki migumu kabisa ya karne, kwa mazoezi machache, na likaufikisha salama.

Miezi mitatu baadaye yote yakaisha. Julai 1936 Barcelona ilijiandaa kwa Olimpiki ya Watu, michezo iliyopangwa kuipinga ile ya Berlin ya Hitler. Ufunguzi ulikuwa tarehe 19, na orkestra ya Casals ilitakiwa kupiga Simfonia ya Tisa kwenye ukumbi wa wazi wa Montjuïc. Jioni ya tarehe 18 walikuwa katika zoezi la mwisho pale Palau. Wamemaliza sehemu ya tatu, kwaya inaitwa jukwaani, mara akaingia mjumbe akiwa na barua kutoka kwa Ventura Gassol, waziri wa utamaduni wa Katalunya: majeshi yameasi, mashambulizi ya mji yanatarajiwa wakati wowote, konseti na michezo vimefutwa, kila mtu aende nyumbani mara moja. Casals aliwasomea barua. Kisha akawauliza kama wanapenda kuondoka sasa au kuimaliza simfonia kwa ajili ya kuagana, kwa kuwa hawajui watakutana tena lini. Wakakubali kumaliza. Wakapiga na kuimba utenzi ule wa udugu wa wanadamu, Casals akiongoza huku machozi yakimzuia kuziona nota. Walipotoka nje na vyombo vyao, watu walikuwa wakijenga vizuizi mabarabarani.

Novemba mwaka huohuo, London, Casals alianza kurekodi suiti za Bach, kazi iliyomalizika 1939. Msomaji azisikilize akiijua tarehe. Katikati ya vita alipiga kila alipoweza kwa ajili ya wahanga. Oktoba 1938, katika Liceu, mabomu yalianguka jirani wakati wa mazoezi, wanamuziki wakatawanyika, naye akachukua chelo, akakaa, akaanza kupiga Bach hadi wakarudi mmoja mmoja. Mapema mwaka 1939 Barcelona ilianguka mikononi mwa majeshi ya Franco, na karibu watu nusu milioni wakavuka mpaka kuingia Ufaransa, wengi wao wakiishia katika kambi za mchangani kama Argelès. Casals alikaa Prades, mji mdogo wa milimani upande wa Ufaransa, karibu na mpaka, na mkono ulioshika upinde ukawa wa kuandika barua: maelfu ya barua kwa wafadhili duniani na kwa wakimbizi kambini, zenye fedha kidogo na maneno ya kutia moyo. Orkestra haikuitishwa tena.

Baada ya 1945 alitarajia kwamba mataifa yaliyoshinda yangemwondoa Franco. Yalipomwacha, Casals aliacha kupiga mbele ya watu. Aliendelea kufundisha. Bernard Greenhouse, Mmarekani kijana aliyekuja Prades mwaka 1946, alisimulia somo moja lisilosahaulika: Casals alimfanya aige suiti moja ya Bach kama ilivyo kwake, kila kidole na kila mvuto wa upinde, wiki baada ya wiki, hadi wakapiga pamoja bila tofauti. Kisha mwalimu akaipiga tena upya, vidole vyote na pinde zote zimebadilika, na ikawa nzuri vilevile. Mwanafunzi akaelewa alichokuwa akifundishwa.

Kwa kuwa Casals hakutaka kwenda kwa dunia, mpiga fidla Alexander Schneider aliileta dunia Prades. Tarehe 2 Juni 1950, miaka 200 tangu kifo cha Bach, tamasha lilifunguliwa katika kanisa la Saint-Pierre kwa suiti ya kwanza. Rudolf Serkin, Isaac Stern, Clara Haskil, Mieczysław Horszowski walikuwapo. Chelo cha kwanza cha orkestra alikishika Paul Tortelier, ambaye naye alikuwa nguli. Kupiga makofi kanisani hakukuruhusiwa, hivyo watu walisimama kimya. Tamasha hilo linaendelea hadi leo.

Mwishoni mwa 1955 alikwenda kwa mara ya kwanza Puerto Rico, nchi aliyozaliwa mama yake, na mwaka uliofuata akahamia huko. Hapo ramani ya Barcelona ilifunguliwa upya, safari hii kwa msaada wa serikali ya Gavana Luis Muñoz Marín: Tamasha la Casals mwaka 1957, orkestra ya simfonia ya kisiwa, na chuo cha muziki kilichoundwa kwa sheria mwaka 1959, Casals akiwa rais wake wa kwanza. Alipata mshtuko wa moyo katika mazoezi ya tamasha la kwanza, na wanamuziki wakapiga tamasha zima jukwaa la kiongozi likiwa tupu, Schneider akiwaongoza kutoka kwenye kiti chake cha fidla. Alipona. Mwaka huohuo alimwoa Marta Montañez, mwanafunzi wake wa chelo, ambaye baada yake aliendelea kwa miongo mingi kusimamia taasisi za muziki. Orkestra ya kisiwa ilitoa konseti yake ya kwanza Novemba 1958 huko Mayagüez.

Alipiga Umoja wa Mataifa mwaka 1958, na Ikulu ya Kennedy tarehe 13 Novemba 1961. Alifariki San Juan tarehe 22 Oktoba 1973, miaka miwili kabla ya Franco, akiwa na umri wa miaka 96. Mwaka 1979 mwili wake ulirudishwa El Vendrell.

Mengi ya Orkestra ya Pau Casals yalipotea, lakini sauti yake haikupotea yote. Mei 1929, Barcelona, ilirekodiwa ikipiga konsato ya Brahms ya fidla na chelo: Thibaud kwenye fidla, Casals kwenye chelo, na Cortot akiongoza. Rekodi hiyo inapatikana hadi sasa. Ukiisikiliza, usimfuate Casals peke yake. Wasikilize walio nyuma yake, kwa sababu hao ndio watu waliokaa ukumbini mwaka 1920 wakimsubiri apone.